Magunzi, makapi ya mpunga au molasi: ni kemikali ipi ya kutengeneza Magharibi mwa Kenya?

Mpishi wa mrenda kule Vihiga au Kakamega hahitaji kufundishwa kwamba taka za shamba zina kemikali ndani. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa, majivu yakatiwa kwenye chombo chenye matundu, maji yakamiminwa juu taratibu. Kinachodondoka chini ni munyu musherekha, myeyusho wa kabonati ya potasiamu unaolainisha mboga na kupunguza uchungu wake. Jipya ni kwamba siku hizi viwanda vya gundi, sabuni, rangi na vya kusubu chuma vinatafuta bidhaa za namna hii kwa tani, kwa kuwa wateja wao wanataka malighafi isiyotoka kwenye petroli. Soko linakua, hilo halina ubishi. Ila mwenye pesa yake mkononi ana swali lingine: linakua kwa faida ya nani? Mwenye rundo la magunzi Kitale, mwenye mlima wa makapi ya mpunga Ahero, au kiwanda cha sukari chenye tangi la molasi?

Njia nne ndizo zinazotajwa zaidi. Kikemia zote zinafanya kazi, hakuna ya uongo. Zinaachana kwenye mvuke na kwenye lori.

| | Furfurali | Silikati ya sodiamu | Ethanoli | Makaa na maji ya moshi |
|---|---|---|---|---|
| Malighafi | Magunzi, makapi ya miwa | Makapi ya mpunga | Molasi | Magunzi, maganda ya karanga |
| Tani 1 hutoa | Kilo 100 hivi (magunzi makavu) | Kilo 500 hivi za kimiminika | Lita 230 hadi 260 | Kilo 250 hivi za makaa |
| Kinachokula pesa | Mvuke na chuma kisicholiwa na asidi | Kostiki soda | Molasi yenyewe na maji machafu | Kazi ya mikono |
| Mnunuzi | Ng'ambo zaidi | Sabuni, wasubu, mafundi wa tanuri | Vinywaji, vitakasa mikono, majiko | Wakulima |
| Pa kuanzia | Kiwanda kikubwa | Pipa la lita 200 | Kiwanda chenye leseni | Pipa moja |

Furfurali: tamu kwenye karatasi

Furfurali ni kimiminika chenye harufu kama ya lozi. Hutokana na pentosani, sukari zilizofungamana ndani ya magunzi, makapi ya miwa na maganda ya nafaka. Hununuliwa hasa kutengenezea gundi inayoshikanisha mchanga wa kalibu za kusubia chuma, na viwanda vinavyosafisha oili za mitambo. Muuza mitambo atakuonyesha mchoro wa soko linalopanda. Mwombe na hesabu ya mvuke.

Gunzi kavu lina pentosani asilimia 30 hadi 35. Kwa kanuni, kilo 100 za pentosani hutoa kilo 72.7 za furfurali, lakini mtambo wa kawaida hupata kama nusu ya hizo. Kwa hiyo tani 1 ya furfurali inataka tani 9 au 10 za magunzi makavu, pamoja na mvuke usiopungua tani 20. Mitambo mingi ya zamani hufika 25 na kupita. Tani 1 ya makapi ya miwa yenye unyevu wa asilimia 50 huchemsha tani 2 hivi za mvuke. Maana yake ni kuchoma tani 10 hadi 12 za makapi na zaidi ili kupata tani 1 ya bidhaa. Mabaki ya magunzi nayo yanaungua, ila yana asidi, na asidi hiyo hula mabomba ya boila.

Halafu kuna shamba. Tani 1 ya mahindi yaliyopukuchuliwa huacha kilo 180 hadi 200 za magunzi. Ekari ya Trans Nzoia iliyotoa magunia 20 inaacha kilo 350 hivi. Mtambo wa tani 1,000 kwa mwaka, ambao kwa kipimo cha dunia ni mdogo, utameza magunzi ya ekari 28,000 na zaidi, kila gunzi, bila kubakiza hata moja la kukokea moto. Na magunzi hayo si taka kwa kila mtu: nyumba nyingi za Bungoma na Kitale huyapikia kuanzia Novemba hadi mvua za Machi. Siku utakayoanza kuyanunua, yatakuwa na bei.

Lori ndilo linalomaliza ubishi. Mita moja ya ujazo ya magunzi mazima ina kilo 150 hadi 200 tu, kwa hiyo Canter ya tani 3 hujaa ikiwa imebeba tani 2. (Wanaopendekeza gugu maji la Ziwa Victoria wazingatie kwamba zaidi ya asilimia 90 ya gugu hilo ni maji, dizeli yako itakuwa inasafirisha ziwa.)

Ndani ya mtambo, magunzi hukatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2, hulowekwa kwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, hufungiwa kwenye chungu cha shinikizo, na mvuke wa nyuzi 153 hadi 180 hupitishwa kutoka chini. Furfurali inapaswa kutoka na mvuke mara tu inapozaliwa. Ikicheleweshwa, hushikana na sukari ambazo bado hazijageuka, ikawa utomvu mweusi unaoziba vali. Hapo ndipo ile nusu ya mavuno inapopotelea. Mvuke uliotoka hukenekwa. Maji na furfurali huchemka pamoja kwenye nyuzi 97.9, na mchanganyiko huo ukipoa hujitenga tabaka mbili: la chini ni furfurali zaidi ya asilimia 90, la juu ni maji yenye asilimia 8 hivi ambayo hurudishwa mwanzo. Asidi ya asetiki hutoka pamoja nayo, na chuma cha kawaida hakiivumilii. Bidhaa yenyewe ni sumu kwa kuvuta pumzi na kupitia ngozi, mvuke wake hushika moto kimiminika kikifika nyuzi 60 hivi, na ikiachwa wazi hugeuka nyeusi. Hii si kazi ya uani.

Historia ya soko lake inafaa kujulikana. Quaker Oats walianza kuitengeneza Cedar Rapids, Marekani, mwaka 1922, kwa maganda ya oti, nafaka ya uji, yaliyokuwa yamejaa kiwandani mwao. DuPont waliitumia kutengenezea malighafi ya nailoni hadi 1961, kisha wakahamia petroli kwa sababu ilikuwa nafuu. Hivi leo China ndiyo mzalishaji mkubwa na mtumiaji mkubwa pia, na bei hufuata mwendo wake. Eldoret nako kulijengwa kiwanda cha furfurali ya magunzi baada ya petroli kupanda bei miaka ya 1970; hakikudumu. Waliodumu ni wale waliojibandika kwenye kiwanda cha sukari, kama Sezela kule Afrika Kusini, ambako makapi tayari yameletwa getini na lori la muwa na boila tayari inawaka.

Silikati ya sodiamu: ndugu maskini anayelipa

Sasa angalia jambo moja. Ule mchanga wa kalibu unaoshikanishwa kwa gundi ya furfurali unaweza pia kushikanishwa kwa silikati ya sodiamu: changanya mchanga mkavu na silikati asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake, pulizia gesi ya kaboni dioksidi kwa sekunde kadhaa, unaganda. Ubaya wake ni kwamba mchanga huo ni mgumu kubomoa baada ya kusubu na haurudiki kwa urahisi. Lakini fundi wa jua kali hununua kwa jerikeni, hangoji meli.

Silikati ya kawaida hutengenezwa kwa kuyeyusha mchanga na magadi soda kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Makapi ya mpunga yanakuondolea tanuri hiyo. Asilimia 20 hivi ya mpunga ni makapi, asilimia 20 ya makapi ni majivu, na majivu hayo ni silika, ile ile iliyomo kwenye mchanga, kwa asilimia 85 hadi 95. Kinu cha Ahero kinachokoboa tani 5 kwa siku kinatupa tani 1 ya makapi, yaani kilo 200 za majivu. Makapi yenyewe ni mepesi kuliko hata magunzi, kwa hiyo yachomee pale pale kinuni na usafirishe majivu.

Uchomaji ndio unaoamua kila kitu. Silika inayoyeyuka ni ile iliyochomwa chini ya nyuzi 700. Ikizidi hapo kwa muda mrefu hugeuka fuwele, na fuwele haiyeyuki kwenye sufuria. Juu ya hayo, vumbi lake huharibu mapafu, kwa hiyo barakoa si urembo. Panga lundo kuzunguka bomba lenye matundu, liwashe, liache liungue taratibu bila feni wala kuchokoachokoa. Majivu ya kijivu ni mazuri. Meusi yana kaboni, yanatumika ila utachuja zaidi. Yenye rangi ya waridi na mabonge magumu yamepita moto. Usiyanunue hata kwa bure. Na usikubali makapi yaliyozolewa chini kwa koleo: udongo mweusi wa Kano hauyeyuki, unaziba kitambaa tu.

Kwa kilo 10 za majivu mazuri utahitaji kilo 4 za kostiki soda na lita 36 za maji. Kostiki huingia kwenye maji, si maji kwenye kostiki, kidogo kidogo, maana huchemka yenyewe. Vaa glavu na miwani, na weka ndoo ya maji safi karibu. Chemsha majivu humo kwa saa 2 hadi 3 huku ukikoroga na kurudishia maji yanayopungua, kisha chuja kungali moto. Kitambaa kiwe cha pamba, marekani mbili zilizopandanishwa. Poliesta huliwa na kostiki moto na kutoboka katikati ya kazi. Chungu kiwe cha chuma. Sufuria za alumini tulizozoea kupikia ni marufuku hapa: kostiki huzila, zikatoa haidrojeni, na jiko liko chini yake.

Kilichochujwa punguza kwa moto mdogo, kisha kipoeshe na upime: lita moja kwenye chupa ya plastiki iwe na uzito wa kilo 1.4, bila kuhesabu chupa. Utabaki na kilo 25 hivi. Hifadhi kwenye jerikeni iliyojaa na kufungwa vizuri, kwa sababu hewa huigandisha juu.

Gharama karibu yote iko kwenye kostiki. Mtu wa Kisumu ana njia ya pembeni ambayo wengi hawaiangalii: magadi soda ya Magadi na chokaa ya Koru. Chemsha kilo 6 za magadi soda na kilo 4 na nusu za chokaa iliyozimwa katika lita 40 za maji kwa saa moja, acha itulie usiku kucha, mimina maji maangavu ya juu. Hayo ni myeyusho wa kostiki wa karibu asilimia 10, nguvu ile ile tunayohitaji, hivyo huna haja ya kuukausha. Jaribu tone chache kwenye siki: ikitoa povu jingi, magadi bado hayajageuka, rudisha motoni na uongeze chokaa. Makosa hapa ni mawili. Moja ni kununua chokaa ya shamba, ile ya kupunguza asidi ya udongo, ambayo ni mawe yaliyosagwa tu na haifanyi lolote. La pili ni kutumia magadi ghafi ya kupikia, ambayo yana bikabonati na hula chokaa nyingi zaidi.

Umuuzie nani? Silikati hii ina sehemu 2.4 hivi za silika kwa sehemu 1 ya oksidi ya sodiamu. Inawafaa watengenezaji wa sabuni ya kipande, wasubu, na mafundi wanaokandika matanuri na majiko. Haiwafai watengenezaji wa katoni, wanaotaka uwiano wa 3 na zaidi, ambao ni vigumu kuufikia kwa sufuria ya wazi. Rangi yake huelekea ukahawia majivu yakiwa na kaboni, kwa hiyo usiipeleke kwa anayetengeneza sabuni nyeupe.

Ethanoli: soko lipo, molasi haipo

Kwa upande wa mnunuzi, ethanoli inazishinda zote. Inahitajika Nairobi, Kampala na kila mahali katikati. Muhoroni imekuwa ikiitengeneza kwa molasi tangu miaka ya 1980 kupitia Agro-Chemical and Food Company, pamoja na hamira, na kati ya 1983 na 1993 ilichanganywa kwenye petroli ya magari kwa asilimia 10. Mradi wa Kisumu ulioanza 1977 ulikusudia hata asidi ya sitriki na siki. Ulikwama kabla ya kumalizika, na mahali hapo palianza kutoa ethanoli miaka ya 2000.

Tatizo liko nyuma ya tangi. Muwa hutoa molasi asilimia 4 hivi. Tani 1,000 za muwa ni tani 40 za molasi, ni lita 10,000 za ethanoli. Kiwanda cha sukari kikisimama kwa ukosefu wa muwa, ethanoli husimama siku hiyo hiyo: Mumias walizindua mtambo wao mwaka 2012, na kufikia 2019 kampuni ilikuwa mikononi mwa mrasimu, msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Mfugaji wa Nakuru na Nandi naye anaitaka molasi hiyo hiyo kwa ng'ombe wake, na ndiye anayeweka bei ya chini kabisa utakayolipa.

Uchachushaji wenyewe hauna siri. Molasi huzimuliwa, pH (kipimo cha asidi) ikawekwa 4.5 hadi 5, huongezwa mbolea ya urea kidogo na ya DAP, hamira ikafanya kazi saa 24 hadi 48 kwenye nyuzi 30 hadi 34. Kisumu joto la mchana hupandisha tangi kupita 35, hamira ikalegea na bakteria wakachukua nafasi, kwa hiyo bajeti ya maji ya kupoza isikatwe.

Kinachozifunga biashara ni uchafu. Kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za maji ya kahawia yanayonuka. Kipimo cha uchafu wake, yaani oksijeni inayohitajika kuuozesha (BOD), hupita miligramu 30,000 kwa lita. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliruhusu 30 kwenye mto. Ni mara elfu moja. Bila tangi la biogesi, mabwawa na mashamba ya kunyunyizia, mto Nyando au Kibos utabeba uchafu huo hadi ghuba ya Ziwa Victoria, na NEMA, mamlaka ya mazingira, itafika kabla ya faida. Leseni ya KRA, mamlaka ya ushuru, ya kukeneka ni lazima hata kama pombe yako ni ya jiko tu.

Makaa na maji ya moshi

Hapa pa haraka. Magunzi yaliyochomwa kwenye pipa lenye hewa kidogo huacha robo ya uzito wake kama makaa ya kurutubishia udongo, yale yanayoitwa bayocha. Udongo wa Kakamega na Busia ulio na asidi huyapokea vizuri, mradi yalowekwe kwanza kwenye samadi au mkojo wa ng'ombe kwa wiki mbili. Yakipelekwa makavu hufyonza naitrojeni na mahindi yakawa njano. Maji ya moshi, yaani moshi uliopoa ukawa kimiminika, hukingwa kwenye bomba refu moshi ukiwa nyuzi 80 hadi 150, yakatulizwa miezi 3 hadi lami ishuke chini na mafuta yapande juu. Cha katikati ndicho cha kutumia. Ukiyauza kama dawa ya wadudu bila usajili wa bodi ya kudhibiti dawa hizo, umevunja sheria, hata kama majirani wote wanayasifu. Ni kazi nzuri ya kikundi. Kuiita biashara ya kemikali ni kuikuza.

Achague nani nini

Kiwanda cha sukari chenye boila yenye nguvu ya ziada: furfurali, ikiwa tu kuna mkataba wa mnunuzi wa miaka kadhaa kabla ya kumwaga zege. Kutoka Kisumu hadi bandari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na bei itapangwa na wengine. Kama boila ni ya zamani na makapi hayatoshi hata kukausha sukari, lisahau.

Mwenye mtaji wa mamilioni bila shamba la muwa asijenge mtambo wa ethanoli akitegemea kununua molasi sokoni. Afadhali aingie ubia na anayemiliki molasi hiyo.

Ushirika wa mahindi wa Kitale au Rongai unaoota furfurali uanze na makaa, ujifunze kukusanya magunzi yakiwa makavu, chini ya asilimia 20 ya unyevu, bila kuvu. Ukishindwa kukusanya tani 50 kwa msimu, hizo tani 10,000 za mtambo wa furfurali ni ndoto.

Kinu cha mpunga, au vijana watano wa Ahero walio karibu nacho: silikati, bila kusita. Tengenezeni kilo 25 za kwanza, mpelekee mtengenezaji wa sabuni lita 5 na msubu lita 5, kisha mbakize lita moja kwenye jerikeni ndogo kwa wiki 6. Ikiganda au ikiacha tope jeupe chini, kitambaa kilipitisha majivu au kifuniko kinavuja. Rekebisheni hilo kabla ya kununua gunia la pili la magadi soda.